Riziki, Mwangaza ya Gazi Imerudi

Riziki, mutoto ya dada yangu,

Huko uliko, kama wanauliza ni nani anachungaka machine za hospitali tangu Masisi mpaka Walikale, uwajibu bila haya: ni noko yangu, kaka ya mama yangu. Bila mimi hakuna hata moja ingesimama sawa. Hata daktari ananisalimiaka wa kwanza.

Nakuandikia juu ya machine yako, ile ya kuhesabu askari wa mwili mu damu ya wagonjwa wa sida, ile ukimwi. Tangu tulikuzika, Neema, yule ulifundisha kazi, njo anaiangaliaka. Basi waliipeleka Walikale kupima wagonjwa wa kule, na mimi njo nilienda nayo. Barabara ile unaijua. Kwa kurudi huku Masisi niliibeba mu magoti njia yote, camion, ile lori, inaruka kama mbuzi, mimi sikutikisika hata kidogo.

Kumbe mwangaza ndani ilitikisika.

Neema aliiwasha, akangoja tube ile inatoa mwangaza ipate moto vile ulimuzoeza, akapitisha zile shanga zako ndogo sana za kupimia. Unakumbuka ulinionyesha mu ecran ya machine: mwangaza ikipiga shanga katikati, mustari inasimama kama mulima, ndefu na nyembamba. Ikipiga pembeni, inalala. Sasa ilikuwa imelala, pana kama mugongo ya ng'ombe.

Daktari akasema: kama haikae sawa mbele ya gari ya Goma kuondoka, inashuka nayo. Na vitu vikishuka Goma, Riziki, havirudiake. Kulikuwa mama moja wa Walikale, zamu yake haikufika kule, alitufuata mu camion na mutoto mugongoni, anataka kujua kama dawa yake ingali inamusaidia. Huyo naye angeshuka Goma na nini?

Mimi nikarudi mu maswali yangu, yale nilikuulizaka ungali muzima. Ndani ya ile tube kuko nini? Ulisema gazi. Nilinusa, hakuna harufu, hakuna moshi. Lakini inatoka mwangaza ya bleu, inaenda moja kwa moja kama kamba ya muaçon anajenga ukuta, na kamba hakuna! Ni nani anaivuta kule upande ingine? Ulicheka sana. "Noko, unauliza mingi kupita wanafunzi wangu, lakini jicho usitie pale!" Nilibakia na swali moja: mwangaza ikisha kupita mu shanga, inaenda wapi? Nikasema, nitakuuliza dimanche, kisha misa. Dimanche tulikuwa tunachimba...

Acha niendelee.

Neema alivaa ile miwani yako ya orange. Akapangusa kioo na alcool, vidole mbali. Akageuza visi, ile skurubu ya pembeni, kidogo kama unywele, akaangalia mulima. Kisha ile ya juu. Moja kwanza, halafu ingine, hapana zote pamoja. Mulima inapanda, inaanguka. Inapanda tena, inaanguka. Nilisikia kama sauti yako: "Usikasirikie mwangaza. Tafuta kwanza inaenda wapi."

Na ikasimama, mutoto yangu! Ndefu, nyembamba, haitikisike. Damu ya ule mama ikapita: dawa inafanya kazi. Akaenda anaimbia mutoto. Gari ya Goma iliondoka bila machine yako.

Sasa pumuzika. Mama yako anakula, ameanza tena kulima maharagi. Mimi naahidi hivi: fundi wa machine akipanda huku, nitamuuliza mwangaza inaendaka wapi, na jibu nitakuletea mimi mwenyewe kwenye kaburi, na sauti kubwa.

Ila jambo moja, na usiambie babu zetu huko. Mu soko ya Sake nimesema ni mimi nilirudisha ile mwangaza, eti ilitoboa ukuta ikafika Kisangani. Wewe siwezi kukudanganya. Chini mu labo, mule tunapimia damu, ni mbao, na kila mara nilisogea nione vizuri, mulima inaanguka. Neema akageuka: "Noko, kumbe ni miguu yako! Toka inje, na usitembee!" Nikaenda kukaa juu ya bidon ya maji, nafunga hata pumuzi. Wakati mulima ilisimama, mimi sikuiona. Nilisikia tu Neema anaita jina yako.

Noko yako.