Kuku wa Hadithi na Kuku wa Mezani

Jumatatu, 7 Agosti 1967
Mwanafunzi wangu wa zamani, Norah, ambaye sasa ni mwalimu Tororo, amepita hapa Busia. Anakusanya hadithi za kitabu cha watoto. Anataka hadithi ya zawadi, na ndani yake mtu abadilike tabia. Ninayo! Msichana mchoyo anampa babu yake kuku wake wa pekee, anakuwa mwema. Fupi, safi, sarufi haina doa. Atakuja Jumamosi kuisikiliza. Ikimfaa, itachapwa. Maisha yangu yote sijachapwa neno — isipokuwa tangazo la mbuzi aliyepotea.

Jumanne, 8 Agosti
Nimemsomea mjukuu wangu wa kike, Taaka. Ana ulimi wa wakili.
"Babu, huyo kuku aliliwa na nani?"
Na babu yake.
"Kuku mzima? Na msichana?"
Alifurahi.
"Alifurahi na ugali mkavu?"
Nikamkumbusha kwamba kwetu Wasamia mwanamke hali kuku. Ni mila.
"Basi hakutoa zawadi. Alitoa kitu asichokula. Hata mimi nakupa ndevu zangu zote, Babu!"
Mke wangu Truphena alicheka jikoni mpaka mwiko ukamponyoka. Hakuna adabu katika nyumba hii.

Alhamisi, 10 Agosti
Nimebadilisha. Msichana anatoa yai. Taaka: mayai pia tumekatazwa. Haya, samaki! "Samaki tunakula. Msichana huyo sasa anaumia kweli." Nimeisoma tena na samaki wake. Hadithi inanuka. Nimemrudisha kuku. Mimi ndimi mwandishi!

Jumamosi, 12 Agosti
Norah amefika. Nimesoma kwa sauti ya darasani. Akatikisa kichwa polepole.
"Mwalimu, lugha haina kasoro. Lakini msichana anatoa, babu anakula tu. Babu anajifunza nini?"
Babu amekwisha kujifunza, nikamjibu. Ndiyo maana ni babu.
Taaka akakohoa. Hana kikohozi.
"Nipe mwisho mwingine kabla sijaondoka leo," akasema Norah. "Huu sitauchukua."

Kisha Truphena akaleta chakula. Kuku mbele yangu, firigisi juu, kwa kuwa firigisi ni ya mwenye nyumba. Norah aliwekewa maharagwe kwa heshima zote. Akayasogeza kando. "Mimi kule Tororo nakula kuku, Mwalimu." Akachukua paja! Truphena akatazama dari. Hatuna dari.

Taaka aliitazama firigisi tu. Si mimi — firigisi! Angeomba, ningemkatalia vizuri, kwa sababu zilizopangwa. Haombi.

Nimesema ninakwenda chumbani kufikiria mwisho wa hadithi. Firigisi nimekuja nayo kwenye kisahani. Nimefunga mlango. Mzee mzima!

Nimeikata vipande viwili, changu na cha Taaka. Havilingani. Nikifikiri kukipunguza kile kikubwa, mkono unakataa. Nikifikiri kukila, naziona zile ndevu za Taaka.

"Baba Elphas!" Truphena ananiita. "Mgeni anakungoja!"
"Mwache, Nyanya," namsikia Taaka. "Anatafuna mwisho."

Sijatafuna chochote! Ninatoka na kisahani sasa hivi. Kile kikubwa —