Kuta za Ukumbi wa Taarabu

Mjukuu wangu Salma,

Assalamu alaikum. Huku sote wazima, na dadako amejifungua salama, mtoto wa kike. Umeniuliza kama ule ukumbi wa taarabu mulioitwa, wewe na wenzako, kuuchorea ramani muutengeneze, au muubomoe mujenge mwengine.

Miaka ya sitini ukumbi ule ungali ukinuka rangi, na alasiri moja ilikuwa ya wanawake peke yao. Mamangu akanichukua. Nyumbani Mji wa Kale alisema taratibu siku zote, maana vichochoro ni vyembamba, na sauti ya mwanamke kusikika nje ilikuwa aibu. Milango ilipofungwa akavua buibui, na mwimbaji alipofika kwenye kiitikio, mama akaitikia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia.

Nikamvuta nguo. "Mama, watu watakusikia!"

"Kuta hizi ni nene, mwanangu," akacheka. "Niache niimbe."

Paa linavuja na viti vimeoza, hivyo badilisheni. Lakini ukija, kabla hujachora, ingia, ufunge milango, uimbe kwa nguvu zako zote. Mimi nitasimama nje, nimetega sikio. Nisipokusikia, kuta hizo musiziguse.

Ni mimi nyanyako.