Nywele za Panjani

Jumapili, 14 Septemba 2025

Kikao cha kamati ya send-off kimefanyika sebuleni kwetu baada ya misa ya pili. Saa tatu nzima. Mbili na nusu za ukumbi na vyakula, nusu saa ya kichwa changu.

Shangazi Kasiana — dada yake baba, mwenyekiti wa kila jambo asilolijua — ametangaza kwamba wasichana sita watakaoingia ukumbini na dada yangu Monika watasuka rasta za aina moja. Nyembamba, ndefu hadi kiunoni, rangi ya damu ya mzee. Anataka tuingie tumefanana kama tumetoka kiwandani. Alisema hivyo kwa kusifia! Kama kreti la soda. Wakapiga makofi.

Nikauliza kama mtu anaweza kuingia na nywele zake mwenyewe, zimechanwa, zimebanwa vizuri. Binamu yangu Skola, mtoto wa shangazi, akasema labda nikiingia na jembe begani watu wataelewa. Wakacheka sana. Hata mama.

Mimi ndiye msimamizi wa Monika. Nitatembea kando yake, nitamshikia maua, nitakaa naye meza ya mbele. Aliniomba mwenyewe mwezi wa sita, kamati ikiwa haijazaliwa. Nina dada mmoja tu, na mwezi ujao mchumba wake Wilfred anamhamishia Kigoma. Kutoka hapa Songea, Kigoma ni nchi nyingine.

Shangazi akamalizia, bila kunitazama, kuwa asiyesuka atakaa na wageni waalikwa. Skola atasimama badala yake.

Monika aliangalia zulia.

Jumanne, 16 Septemba 2025

Nimekasirika siku mbili. Inachosha kukasirika na watu ambao hawajui umekasirika.

Niandike mambo yalivyo. Kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha sita nilinyolewa. Miaka kumi na tatu ya kipara cha shule. Nikafika chuo, nywele zikaota, na kitu cha kwanza nilichofanya — kama wajinga wote wa mwaka ule — ni kuzitia dawa zilainike. Juu ya dawa nikasuka rasta. Juu ya maumivu nikameza Panadol. Siku moja bwenini rasta ya panjani ikatoka yenyewe, nzima, na nywele zangu zikining'inia mwishoni kama mizizi ya gugu lililong'olewa. Niliishika mkononi muda mrefu. Kesho yake nikanyoa zote.

Sasa ni miaka mitatu. Bila dawa, bila pasi, bila moto wowote. Jumamosi naosha, natia mafuta, nasokota vitita vikubwa. Nikizivuta zinagusa bega. Shahada nilisoma kwa sababu walinichagulia, ualimu nausubiri kwa sababu ndio uliopo. Nywele hizi ndizo kitu pekee nilichokikuza bila kupangiwa.

Na mama je? Panja zake zinang'aa kama kijiko. Miaka ishirini na tano ya kusukwa mpaka macho yanainuka. Si ugonjwa, na nywele haziwezi kurudi, ngozi imeshajifunga. Ndiyo maana hatoki bila kitambaa, hata kwenda dukani.

Leo nikamwambia sisuki. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Mimi zimeniisha, Adela. Nimekufa?"

Hiyo ndiyo hoja ya nyumba hii. Kisichokuua hakijakudhuru. Ukibaki na jicho moja, ushukuru.

Alhamisi, 18 Septemba 2025

Nimekwenda Majengo kwa mama Muhsini, msusi waliyemchagua, nione kama anaweza kunisuka bila kukaza, kabla sijakataa kabisa. Jina lake Zuhura, mtu wa Tunduru. Watu wanatoka mpaka Mbinga kumfuata. Chumba kimoja, vioo viwili, pazia, jiko la mkaa lenye sufuria ya maji ya kuchovyea ncha za rasta. Na kopo la majivu! Anachovya vidole kwenye majivu ili vinywele vifupi visiteleze. Hakuna unywele wa panjani unaomponyoka.

Nilikuwa na karatasi. Nimeandika masharti yangu vizuri, kwa Kiswahili cha mtu yeyote. Nikamwamkia, nikampa. Akaniomba niisome mwenyewe kwa sauti, macho yake mabovu. Hayakuwa mabovu. Alitaka na wengine wasikie.

Nikasoma. Sikuwa na la kufanya. Kwamba nywele ziwe zimekauka kabisa kabla ya kusuka. Kwamba mafungu ya mbele yawe makubwa kuliko ya nyuma, maana nywele za mbele ni dhaifu na hazibebi mzigo. Kwamba aanze na nywele zangu tupu, rasta aiongeze polepole. Asikaze kwenye ngozi. Vinywele vya panjani aviache kabisa, visiguswe.

Walikuwepo wateja wawili. Mmoja machozi yalikuwa yanamtoka, kichwa kimevutwa nyuma, na papo hapo akawa anasema, "Hapo mbele kaza zaidi, mama Muhsini, nataka zikae." Analia na anaagiza. Sijui nianzie wapi kumdharau mtu kama huyo.

Nikawaeleza kuhusu majivu. Kwamba ni magadi matupu, yanafungua magamba ya unywele, yanaukausha. Mama Muhsini akasikiliza kwa heshima zote. Akasema majivu yake hayajasoma, lakini yanashika. Toka hapo wakaniita mwalimu wa nywele. Mwalimu wa nywele ana swali? Mwalimu wa nywele atatupa mtihani?

Nilipokuwa natoka akanifuata mlangoni, akashusha sauti.

"Nitakusuka unavyotaka. Ila usimwambie mtu kwamba nimekusuka mimi."

Jumamosi, 20 Septemba 2025

Siku nzima ya maandalizi. Rasta za dukani zina mipako inayowasha ngozi, ndiyo maana nusu ya wanawake wa mji huu hujipiga piga kichwa kama wanafukuza nzi. Nimeziloweka kwenye maji na siki. Yametoka mapovu meupe, machafu. Nyumba imenuka. Baba akauliza nani anatengeneza achari.

Nikaosha nywele, nikachambua mafundo kwa vidole, kutoka nchani kwenda juu. Nikakata ncha zilizopasuka. Mafuta ya mnyonyo kidogo kwenye ngozi. Nikakaa juani kwenye ngazi mpaka zikakauka, upepo wa Septemba ukinitia vumbi jekundu, nikahamia ndani.

Skola alipita kuchukua vipimo vya gauni. Akaziba pua. Akasema mwanaume atakayenioa itabidi awe mpenda kachumbari. Ana akili ya kutosha kwa utani tu, ukishaisha anabaki mtupu.

Jioni Monika akaja kunisaidia kusokota upande wa nyuma. Vidole vyake vyepesi, ana subira ya mwalimu wa chekechea, na ndiyo kazi yake. Tulipokaribia kumaliza akasema kama naona taabu sana nisisuke, yeye ataelewa.

Ataelewa! Ataelewa, ataingia na Skola, atanipungia mkono kutoka meza ya mbele. Nampenda dada yangu kuliko mtu yeyote, na siwezi kuvumilia jinsi anavyoelewa kila kitu. Wilfred akimwambia anampeleka mwezini ataelewa, aulize tu abebe sweta au la.

Nitasuka. Kwa masharti yangu.

Jumatano, 24 Septemba 2025

Imekwisha. Saa sita kwenye kiti.

Amefanya yote. Yote! Mafungu makubwa mbele, nywele zangu kwanza, rasta inaingia taratibu kama maji. Panja ziko huru, vinywele vyangu vidogo vimekaa pale pale, laini, vimelala na mafuta. Sikusikia maumivu hata mara moja. Alifyonza tu meno kila alipofika mbele, kama mpishi aliyekatazwa chumvi. Akasema nimekaa kwenye kiti kama niko kanisani.

Wale watano walisukwa leo hii hii, upande wa pili wa pazia, yeye na wasaidizi wake wawili wakipokezana; hawakujua kwamba nimo. Niliwatazama kwenye kioo kupitia mwanya wa pazia. Nyusi zimepanda. Paji limevutwa linang'aa, kila shina la unywele limeinua ngozi kama kihema. Skola hawezi kufumba macho vizuri. Alipotaka kucheka, akaacha. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na jambo la maana.

Walipewa Panadol na maji ya chupa. Wakagawana kama karanga. Kisha wakapiga picha.

Wanawake watano wazima. Mmoja karani wa benki, mmoja anasomea uuguzi! Hakuna aliyewafunga kamba. Wangesema neno moja tu, "legeza", angelegeza. Kazi nzima ya kujiokoa ni silabi tatu, na hawana.

Alhamisi, 25 Septemba 2025

Skola ana vipele vyeupe ukingoni mwa paji. Vinne kushoto, viwili kulia. Anasema ni vumbi.

Nimelala usingizi wa mtoto.

Ijumaa, 26 Septemba 2025, asubuhi

Tumetoka kwenye mazoezi ukumbini. Naandika haraka, mwandiko mbaya.

Shangazi alitupanga mstari akatukagua kama mgambo. Kwangu akasimama. Akaingiza kidole chini ya rasta ya mbele akaiinua. Ikainuka. Akauliza hizi nimekaa nazo mwezi wa ngapi. Akageuka kwa wanakamati wenzake: si mnaona zilivyovimba, kama mtu aliyeamka sasa hivi? Na hivi vinywele vya pembeni vinafanya nini hapa, vimealikwa na nani?

Akauliza nani kanisuka. Nilikuwa nimeahidi, sikumtaja. Akasema mama Muhsini hawezi kusuka uchafu huu, bila shaka nimefumua mwenyewe nikajisukia nyumbani na siki yangu. Akampigia simu pale pale. Sikusikia jibu la upande wa pili. Nilisikia agizo: mistari yote ya mbele ifumuliwe, isukwe upya, ikazwe, panja zote ziingie. Leo, kabla ya jioni. La sivyo maua anashika Skola.

Skola alikuwa ameshayashika. Kushika tu, alisema, asije akapata shida kesho.

Nikamtazama Monika. Safari hii hakuangalia chini. Alinitazama sawasawa, na macho yake yalikuwa na maji.

"Ni za mbele tu, Adela. Siku moja tu. Nakuomba."

Hajawahi kuniomba kitu mbele ya watu. Wala kitu chochote, toka utotoni, isipokuwa hiki cha kusimama naye.

Siku moja. Nafahamu siku moja hufanya nini. Ya bwenini nayo ilikuwa siku moja.

Ijumaa hiyo hiyo, saa kumi, Majengo

Naandika nikiwa kwenye kiti. Mama Muhsini ameshafumua mistari ya mbele. Nywele zangu zimesimama juu ya paji kama majani baada ya mvua, na nyuma rasta zinaning'inia mpaka kiunoni. Nafanana na mtu aliyeanza kuamua akaitwa nje.

Hakuna mteja mwingine. Adhana ya alasiri ilipoita akaniomba radhi, akaenda nyuma ya pazia kutawadha. Pazia halikufunga vizuri. Nilimwona kwenye kioo. Akavua mtandio ili apanguse kichwa.

Nywele! Nyeusi, nene, zimejaa mpaka ukingoni mwa paji, zimejaa panjani kama za msichana wa miaka kumi na miwili. Mwanamke wa miaka hamsini. Mabutu sita makubwa, yamelegea, hayana hata uzi mmoja wa dukani. Akapitisha mkono wenye maji juu yake, akafunga mtandio, akaswali.

Nilimsubiri amalize. Nikamuuliza nani anamsuka.

"Mama yangu. Vidole vimemwisha nguvu, hawezi hata kufunga kanga. Namwachia yeye peke yake."

Nikamwambia, kwa hiyo anajua. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akaniuliza nani alinambia hajui. Yeye ameanza kusuka watu kabla mimi sijazaliwa, ameona panja ngapi zikiondoka. Mwanzoni alikuwa akiwaonya. Wakahamia kwa msusi wa jirani wakisema mkono wa mama Muhsini umekufa. Basi akaacha kuonya.

Nilitaka kumdharau. Nilikuwa nimeshaandaa nafasi yake. Lakini nilikumbuka jinsi nilivyosimama hapa na karatasi, nikimfundisha kuhusu majivu na mafungu ya mbele, na yeye akisikiliza na kichwa kile chini ya mtandio. Walionicheka wale wawili walikuwa wajinga. Yeye alikuwa na haki ya kunicheka.

Sasa amekaa nyuma yangu. Ameshatenga vinywele vya panja la kushoto kwa ncha ya kitana. Amevishika kwa vidole viwili, havuti.

"Shangazi yako kanipigia mara mbili, mwanangu. Lakini kichwa si chake. Wewe unasemaje, nikaze?"

Meseji ya Monika imeingia. Anauliza nimefika wapi. Anasema Skola amejaribu gauni langu, limemkaa, ila yeye Monika hamtaki, ananitaka mimi.

Silabi tatu. Niliwahesabia wenzangu juzi, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mama Muhsini ameuliza tena, kwa sauti ya chini, kama anayemuuliza mgonjwa panauma wapi. Nimemwambia anisubiri kidogo, kuna kitu namalizia kuandika. Nimemwambia hivyo mara tatu sasa. Mkono wake haujatoka panjani pangu, na simu inaita