Kaburi Uliloliita Kichuguu

Baba yangu, shikamoo.

Najua huwezi kuitikia. Tulikuzika Endasak mwaka juzi, na msalaba wako niliupaka rangi mwenyewe. Lakini nakuandikia nikiwa ndani ya basi huku Uturuki, kwa sababu kuna jambo halijaniacha tangu jana.

Parokia ilituleta kuona nchi alizopita Mtume Paulo. Ungepapenda, baba. Kuna ngano mpaka macho yanachoka. Jana tulisimama kijijini kula, nikaona kanisa la mawe limegeuzwa zizi, limejazwa nyasi za ng'ombe. Unajua hasira zangu. Nikamwuliza mwenye zizi, mwongozaji wetu akitafsiri, nani kawapa ruhusa. Mzee yule hakukasirika. Akasema Wagiriki waliolijenga walihamishwa kwa nguvu, na bibi yake naye alifukuzwa kwao Ugiriki kwa kuwa Mwislamu, akaletwa hapo kwenye nyumba ya watu. Nikanywea. Sasa nimlaumu nani?

Akatupeleka kwenye makaburi ya Wagiriki hao. Ameyazungushia ukuta wa mawe. Akasema, "Wajukuu wao huja kuuliza. Nisipowaonyesha mimi, atawaonyesha nani?"

Nikakukumbuka wewe, baba.

Unakumbuka uliponipakia kwenye trekta la shamba la ngano, nina miaka saba? Tulikuta tuta kubwa la udongo. Sisi Wairaqw tumekaa na Wabarabaig miaka mingi, tunajua wanavyomzika mzee wa heshima, wanavyopandisha udongo miezi na miezi huku wakiimba. Msimamizi akasema hicho ni kichuguu, lima. Ukazima injini. Ukavua kofia, ukaivaa tena, ukalima. Nyumbani ulimwambia mama, "Kilikuwa kichuguu tu," na ugali hukuugusa. Mshahara ule ndio ulionisomesha, nami sijausahau.

Sasa shamba linagawiwa upya. Udameda, binti wa mzee aliyezikwa kwenye tuta lile, naye ni bibi kizee sasa, amekuja kwangu mara mbili. Yeye na Wabarabaig wenzake walifukuzwa bondeni shamba lilipoanzishwa, miti yote ikang'olewa, hawajui tena mahali penyewe. Anataka kulimwagia kaburi la baba yake maziwa kabla yeye mwenyewe hajafa. Nikamkaribisha chai, halafu nikamwambia sijui. Mwongo mkubwa mimi! Napajua vizuri, ni pale korongo linapokata kona. Niliogopa watakutukana nawe huwezi kujitetea.

Nakupenda, baba, na nina hasira na wewe, yote kwa pamoja. Nilipoanza barua hii nilidhani nakuomba ruhusa. Siombi. Nikirudi nyumbani na kushuka Katesh, nitamfuata Udameda, twende naye kwa miguu mpaka pale. Akiniuliza nani alilima, nitakutaja kwa jina.

Kama umekutana na mzee wake huko, zungumza naye mwenyewe. Mimi nitazungumza na binti yake.

Ni mimi, mwanao uliyempakia kwenye trekta.