Siku ya Kupimwa Ufundi wa Lifti

Kabula mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Samuye hatujambo. Bibi yako amepona mguu, anakusalimu sana.

Unauliza kwa nini wakupime tena ilhali lifti unazijua. Nilipokuwa mwanagenzi wa lifti ya mgodini Geita, siku ya mtihani nilifunga kamba mpya ya chuma, nikamwambia mwalimu wangu, Fundi Masanja, "Tayari."

"Haya, panda tushuke wote."

Nikatazama lile shimo, nikarudi kukagua kila nati. Alinisubiri bila kunikemea. Tuliporudi juu salama, akasaini cheti changu, akawaita wachimbaji: "Ingieni."

Wakaingia wakizungumzia mahindi yao, kamba hawakuitazama hata kidogo. Machozi yalinilenga, mama, kwa kuwa roho zao walikuwa wameziacha mikononi mwangu.

Nakuombea heri.

Babu yako