Utando Nilioupiga Pasi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi penye mwanga, na kidonda cha kiganja kimeanza kufunga. Dada ameniambia kwa simu kwamba unakataa kulishwa, unakula kwa mkono wa kushoto na kumkumbusha kwamba hujawa mtoto mchanga. Mimi ni mzima wa mwili.

Kazini hali si nzuri. Tangu uungue, Mkuu wa maabara amesimamisha kazi ya glavu kama ile tuliyokupa. Juzi alituita wote, akasema semikondakta yetu, ule utando mwembamba unaohisi joto na kupeleka habari kwenye kikuku cha mkononi, haufai kwa binadamu kwa sababu unakatika ukivutwa. Mchanganyiko wake ni wa Mizani, yule dada tunayemtania kwamba hata chumvi ya mboga huipima kwanza. Ameuhangaikia miaka sita. Alipoulizwa kama ana la kusema, alijibu kwamba mzee wa watu ameungua, yeye hana la kujitetea. Ameambiwa aondoke mwisho wa mwezi. Jana nilimkuta akifuta majina kwenye chupa zake, moja moja.

Nikueleze utando ule unavyotengenezwa. Tunavuta kipande cha mpira kwenye fremu, kama wewe unavyovuta lastiki kabla ya kuishonea kiunoni mwa sketi. Tunabandika utando juu yake, kisha tunauachia mpira urudi. Utando unajikunja vijikunjo vidogo vidogo. Mkono ukifumbwa, mikunjo inafunguka, na utando haukatiki.

Unakumbuka siku uliyokuja kupimwa. Ulisema tangu kile kiharusi kiganja chako ni kama cha mtu mwingine, hakijui moto wala baridi, na kwamba ukipata cha kukuonya utarudi kushika pasi. Kisha ukaigeuzageuza glavu, ukaniuliza mbele ya wote kama kweli mtoto wa fundi cherehani anaweza kumvalisha baba yake kitu kilichojikunja kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Mizani alicheka mpaka akavua miwani.

Mimi sikucheka sana. Nimekulia kando ya meza yako ya pasi. Nguo haikutoka mlangoni kwako na kunyanzi. Kesho yake niliwahi kufika kabla ya wenzangu. Nikabandua utando wa kiganjani, nikauvuta, nikapitisha rola ya moto mpaka ukalala kama kitambaa cha suti, nikaurudisha. Nilijua mikunjo ni ya nini. Nilijiambia kwamba kwa glavu moja haitadhuru. Niliijaribu mezani ikiwa imenyooka. Nilipoisogezea kikombe cha moto, kikuku kikatetemeka vizuri. Kwenye mashine inayovuta mara elfu moja sikuipeleka. Kwenye fomu, penye neno mikunjo, niliandika: ipo.

Ukaenda nayo nyumbani. Siku ya tatu ulifumba kiganja kushika pasi, utando ukakatika, na mkono ukateleza kwenye bati la moto. Kikuku kilikaa kimya. Wewe ulikuwa unakisubiri kikuambie, mpaka dada aliposikia harufu.

Aliyekuunguza si Mizani, Baba. Ni mimi.

Leo asubuhi, kabla ya kuanza barua hii, nilimwambia Mkuu. Aliniuliza kama nakumbuka nilichoandika kwenye fomu, nikamsomea. Mizani anabaki, mimi nimeambiwa nikusanye vitu vyangu. Nilimwomba Mizani radhi. Alichukua kalamu, akaanza kuandika upya majina kwenye chupa.

Kiganja kikipona, na ukikubali, atakuletea glavu nyingine yeye mwenyewe. Itakuwa na makunyanzi. Tafadhali usiipige pasi.

Msalimie dada, umwambie asikaze sana bandeji. Nitafika Jumamosi na dawa. Kama hutataka kuniona, aipokee mlangoni, nami nitarudi.

Ni mimi mwanao,
kitinda mimba wako.