Nani Alimlaza Mama

Micheweni, Pemba

Kaka Hamdan,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, ila mvua imetuharibia mwani wote tuliouanika.

Nimekusikia redioni ukihojiwa huko Maskati. Umesema tena kwamba alasiri ile aliyopigwa risasi mkubwa wa serikali kule Chake, wewe ulikuwa huku unamzika mama. Shahidi wako ni mimi, niliyeshika Msahafu mbele ya wapelelezi nikaapa.

Kaka, wanawake hatwendi makaburini. Nilichokiona ni wewe kuingia magharibi, kanzu imejaa udongo, ukaniambia, "Rahila, nimemlaza mama kwa mikono yangu." Nikakuamini miaka hamsini.

Jana nilimpelekea uji Mzee Nyange, anaumwa. Nikamshukuru kwa kuingia nawe kaburini siku ile. Akanitazama sana. "Tuliingia mimi, Shaame na Haidar," akasema. "Kaka yako tulimngoja mpaka tukachoka."

Marehemu yule aliyepigwa risasi ana watoto wake, na kesho nakwenda kuwaambia kwamba niliapa nisichokiona. Lakini mama alizaa mwanamume mmoja tu, akalazwa na watu baki, nawe ukajipaka udongo njiani ukaja kunililia.

Aliyekuwa shahidi wako,
Rahila